Folio, kwarto, oktavo au duodesimo? Jinsi ya kutambua umbo la kitabu cha Kiingereza cha karne ya 18

Mtu akikabidhiwa kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1750, mkono wake wa kwanza huenda kwenye rula. Iweke kando kwanza. Majina folio, kwarto, oktavo na duodesimo hayataji sentimita. Yanaeleza karatasi kubwa iliyotoka kwa mtengeneza karatasi ilikunjwa vipi kabla ya kushonwa. Ndiyo maana oktavo ya karatasi kubwa yaweza kuwa ndefu kuliko kwarto ya karatasi ndogo, na anayepima urefu peke yake hukosea kila siku.

Unahitaji tochi nyembamba au taa ya simu, penseli (kalamu ya wino isikaribie meza hiyo), mito miwili ya kuegemezea majalada ili mgongo usipasuke, rula ya baadaye, na karatasi mbili za A4 zisizo na maandishi. Katika mwongozo huu "jani" ni kipande kimoja cha kitabu chenye kurasa mbili, mbele na nyuma. "Fungu" ni majani yaliyokunjwa na kushonwa pamoja.

Hatua ya 1: Jifunze kwa A4

Usiruke hatua hii hata kama unaona ya kitoto. Karatasi ya zama zile ilitengenezwa kwa mkono juu ya chekeche la waya, na waya ziliacha mistari. Myembamba imebanana sana. Mikuu imeachana kwa takriban sentimita 2.5 na inakwenda sambamba na upande mfupi wa karatasi. Katikati ya nusu moja ya karatasi kulikuwa na alama ya maji, yaani nembo ya mtengenezaji inayoonekana karatasi ikimulikwa.

Ilaze A4 upande mrefu ukuelekee. Chora mistari sambamba na upande mfupi, kila sentimita 2.5. Kisha chora duara katikati ya nusu ya kulia: sentimita 7.4 kutoka ukingo wa kulia na 10.5 kutoka juu. Sasa kunja, kila mara ukigawa upande mrefu katikati.

Mkunjo wa kwanza unakupa folio: majani 2, mistari imesimama, duara liko katikati ya jani. Mkunjo wa pili unakupa kwarto: majani 4, mistari imelala, duara limekaa kwenye mgongo, katikati ya urefu. Mkunjo wa tatu ni oktavo: majani 8, mistari imesimama tena, na duara limejibana kwenye kona ya juu ya mgongo. Mkunjo wa mwisho ndio mgongo siku zote.

Bila kukata, andika namba za kurasa 1 hadi 16 ukichungulia ndani, kisha ifungue yote. Upande mmoja lazima uwe na 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13 na 16, na mwingine 2, 3, 6, 7, 10, 11, 14 na 15. Kurasa zinazopakana kwenye mkunjo wa mgongo zijumlike kuwa 17. Kama hazifiki 17, umeandika namba kwa mpangilio mbaya. Kosa hilohilo likifanyika kwa mpiga chapa, msomaji aliruka kutoka ukurasa wa 4 hadi wa 13.

Duodesimo haipatikani kwa kukunja tu. Chukua A4 ya pili yenye mistari ileile, gawa upande mrefu mara tatu na mfupi mara nne. Kata theluthi moja ya mwisho, ambayo ni utepe wa majani 4, ukunje, uuingize katikati ya yale 8 yaliyobaki. Jumla majani 12, kurasa 24, mistari imelala.

Hatua ya 2: Mulika jani halisi

Weka taa nyuma ya jani moja, mahali pasipo na maandishi mengi. Tazama mistari mikuu tu. Ikisimama, una folio au oktavo. Ikilala, una kwarto au duodesimo. Rudia kwenye mafungu matatu tofauti, maana kitabu kimoja kiliweza kuchanganya karatasi.

Usipoona mstari wowote, huenda ni karatasi laini iliyotengenezwa juu ya wavu uliofumwa. Mpiga chapa John Baskerville wa Birmingham aliitumia katika toleo lake la mashairi ya Virgil la 1757, lakini ilienea hasa katika muongo wa mwisho wa karne. Hapo mistari haikusaidii, itabidi utegemee hatua ya 4.

Hatua ya 3: Tafuta alama ya maji

Katikati ya jani: folio. Katikati ya mgongo: kwarto. Juu kabisa mgongoni, imegawanyika kwenye majani kadhaa: oktavo. Ukingo wa nje, sehemu ya juu: duodesimo. Ukikosa kuiona katika jani la kwanza usikate tamaa, kwa kuwa katika fungu la oktavo nusu ya majani hayana hata kipande chake. Mjalidi naye alipunguza kingo kwa kisu, akaondoka na nusu ya alama.

Alama yenye mwaka 1794 si ushahidi kwamba kitabu kilitoka mwaka huo. Sheria ya mwaka huo iliwafanya watengeneza karatasi waanze kuweka tarehe, na wengine hawakuwa na haraka ya kuibadilisha. Inachothibitisha ni kwamba kitabu hakikutangulia 1794.

Hatua ya 4: Hesabu mafungu kwa herufi

Chini ya ukurasa wa kwanza wa kila fungu kuna herufi: B, halafu B2, B3, B4 kwenye majani yanayofuata, kisha kimya mpaka C. Alfabeti hii ina herufi 23: I na J ni moja, U na V ni moja, W haimo. Baada ya Z inakuja Aa. Oktavo kwa kawaida hutiwa alama hadi B4, duodesimo hadi B5 au B6.

Matini huanza na B badala ya A kwa sababu utangulizi, jina la kitabu na orodha ya makosa vilipigwa chapa mwisho, vikapewa A.

Hapa ndipo wengi huanguka: fungu lina majani 4, nao huandika "kwarto" na kufunga daftari. Mulika tena. Kama mistari imesimama, hiyo ni oktavo ya nusu karatasi. Kurasa 8 zilipangwa pamoja, zikapigwa upande mmoja, karatasi ikageuzwa ikapigwa kwa kurasa zilezile, kisha ikakatwa katikati na kutoa nakala mbili za fungu hilo. Vivyo hivyo fungu la majani 6 lenye mistari iliyolala ni duodesimo ya nusu karatasi.

Pia usichanganye herufi hizo na tarakimu ndogo iliyo peke yake chini ya ukurasa, mathalani 3 au 7. Hiyo ilionyesha mtambo au mpiga chapa aliyefanya kazi, kwa ajili ya hesabu. "Vol. II." pembeni ni juzuu tu.

Hatua ya 5: Andika muundo

Mfano: 8°: A⁴ B–Z⁸ Aa⁴. Isome hivi: oktavo, A ina majani 4, B hadi Z majani 8 kila moja, Aa majani 4. B hadi Z ni mafungu 22, yaani majani 176, kurasa 352. Ongeza 8 za Aa, matini ina kurasa 360. Namba ya mwisho iliyochapwa isipolingana, tafuta kwa nini: jani limepotea, au namba zilirukwa kiwandani.

Sasa gharama inaonekana. A na Aa zilitosha kwenye karatasi moja, kwa hiyo nakala moja ilikula karatasi 23. Nakala 1,000 ni karatasi 23,000, karibu rimu 48 za karatasi 480, kabla ya zilizoharibika. Karatasi ndiyo iliyomnyima usingizi muuza vitabu, si wino.

Hatua ya 6: Chunguza majani yaliyobadilishwa

Chini ya kila ukurasa kuna neno la kwanza la ukurasa ufuatao. Aliyezoea vitabu vya zamani vya hati ya Kiarabu ataitambua desturi hiyo. Fuata maneno haya yote. Yasipokutana, angalia mgongoni: kipande chembamba cha jani lililokatwa, jani jipya limegundishwa juu yake, pengine lina kinyota karibu na herufi. Huenda mwandishi au muuzaji aliogopa sentensi fulani, ikatolewa.

Hatua ya 7: Rula, jina na bei

Sasa pima. Karatasi ya saizi iliyoitwa demy, takriban sentimita 44 kwa 57, hutoa oktavo ya sentimita 22 kwa 14 isiyopunguzwa, au duodesimo ya 19 kwa 11.

Halafu soma sehemu ya chini ya ukurasa wa jina. Anayefuata "printed by" ni mpiga chapa. Anayefuata "printed for" ndiye aliyelipa gharama na kumiliki haki, mara nyingi wauza vitabu kadhaa kwa hisa. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa na akaandika maisha yake, mwaka 1789 aliandika kwamba kitabu chake kimechapwa kwa ajili ya mwandishi na kuuzwa naye: wachangiaji walilipa kabla, na yeye akabaki na haki zake. Mwaka nao una hila. Pamela, riwaya ya Samuel Richardson, ilitoka Novemba 1740 ikiwa na 1741 usoni.

Umbo lilikuwa bei. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, juzuu mbili za folio, iliuzwa pauni 4 na shilingi 10. Muhtasari wake wa oktavo, 1756, shilingi 10. Riwaya zilikwenda kwenye duodesimo, za mfukoni, juzuu shilingi tatu hivi. Jalada la ngozi lisikudanganye katika hesabu hii. Vitabu vingi viliuzwa vimeshonwa tu au vina ubao mwepesi, na mnunuzi akampelekea mjalidi wake.

Ukiwa na picha za mtandaoni pekee, hatua ya 4 hadi ya 6 zinawezekana, ila mistari na alama ya maji hazionekani na vipimo vya skrini havina maana. Andika muundo wa mafungu, acha nafasi ya umbo wazi, na kagua kama mpiga picha hakuruka kurasa. Neno la chini lisipokutana na la juu, mara nyingi aliyekosa ni yeye, si kiwanda cha 1750.