Onyo la mgongano likifika: jinsi ya kuamua kuihamisha setilaiti

Onyo likiingia, jicho hukimbilia umbali: setilaiti yako na kipande cha taka za angani vitapishana kwa mita 600, basi salama. Hapo ndipo watu hukosea. Tarehe 10 Februari 2009, hesabu zilizokuwa wazi kwa umma zilionyesha kuwa setilaiti mbili, Iridium 33 ya mawasiliano na Kosmos 2251 ya Urusi iliyokwisha kufa, zingepishana kwa mita 584. Ziligongana juu ya Siberia, kwenye kimo cha kilomita 789 hivi, kwa kasi ya kilomita 11.7 kwa sekunde, na vipande zaidi ya 2,000 vinavyoonekana kwa rada vikazagaa.

Kwa hiyo soma kwanza kiwango cha kosa, yaani umbali huo unaweza kuwa umekosewa kwa kiasi gani. Mita 600 zenye kosa la mita 20 ni nafasi tele. Zenye kosa la kilomita 2 hazina maana. Kosa kubwa kwa kawaida huwa kwenye uelekeo wa mwendo, kwa sababu ukinzani wa hewa ya juu hautabiriki vyema. Jua likichafuka, hewa hiyo hutanuka na kosa hukua.

Kisha tazama uwezekano wa kugongana. Waendeshaji wengi huhama ukifikia 1 kati ya 10,000. Lakini uwezekano ukiwa mdogo kwa sababu kosa ni kubwa, usilale: maana yake ni kwamba vipimo havitoshi. Omba vipya, nawe utume data ya GPS ya setilaiti yako.

Ukiamua kuhama, wahi. Msukumo wa sentimita 1 kwa sekunde, kufuata mwendo, ukifanywa saa 12 kabla ya kupishana huisogeza setilaiti takriban kilomita 1.3. Ukiufanya mzunguko mmoja tu wa Dunia kabla, unapata kama mita 170 kwa mafuta yale yale. Sukuma mbele ikiwezekana: setilaiti hupanda kidogo, kisha huchelewa kufika kwenye makutano, na kimo ulichopata hakipotei bure.

Kabla ya kutuma amri, pima njia mpya dhidi ya vitu vyote vinavyofuatiliwa, kwa siku kadhaa mbele. Unaweza kukwepa kipande kimoja ukaangukia kingine. Kama upande wa pili ni setilaiti hai, wasiliana na wenyewe, mkubaliane nani anahama. Mkihama wote bila kuambiana, mnaweza kukutana tena. Amri ipandishwe mapema, ibaki nafasi nyingine ya mawasiliano ikiwa ya kwanza itafeli.

Setilaiti isiyo na injini hugeuzwa ili paneli zake zipokee hewa zaidi au pungufu. Njia hii hufaa vimo vya chini tu, na huhitaji siku, si saa.