Kuielekeza juri kuhusu kukosa uaminifu: mwongozo kwa mawakili wanaoanza kesi za ulaghai

Huku Uingereza na Wales, kesi nzito za ulaghai huamuliwa na watu 12 wa kawaida, yaani juri, na uamuzi wao ndio wa mwisho kuhusu ukweli wa mambo. Jaji huwapa maelekezo ya sheria, ila mawakili huijadili naye rasimu kwanza. Hapo usikae kimya.

Hatua ya 1. Tenganisha vipengele vya kosa. Chini ya Sheria ya Ulaghai ya 2006, uongo wa maelezo, kujua kwamba ni uongo au huenda ukawa uongo, na nia ya kupata faida au kutia hasara, kila kimoja kina swali lake. Kukosa uaminifu nako kuwe na swali lake.

Hatua ya 2. Anzia kichwani mwa mshtakiwa. Tuseme karani amejilipa paundi 900 za nauli, anadai meneja alimruhusu kwa mdomo. Andika: "Je, tuna hakika kwamba hakuamini ameruhusiwa?" Mzigo wa kuthibitisha ni wa mashtaka. Tena imani yake si lazima iwe ya busara. Busara husaidia tu kupima kama kweli aliamini hivyo. Ukikuta rasimu inasema "aliamini kwa sababu za msingi", omba maneno hayo yafutwe. Yanaweza kumfunga mtu asiye na hatia.

Hatua ya 3. Kwa hali hiyo aliyoijua au kuiamini, je, watu wa kawaida waadilifu wangeona alichofanya si uaminifu? Ishia hapo. Tangu kesi ya Ghosh, 1982, juri iliulizwa pia kama mshtakiwa mwenyewe alitambua kwamba wangemwona hivyo, na kadiri maadili yake yalivyopotoka ndivyo alivyopata mwanya. Mahakama ya Juu ililikataa swali hilo 2017, katika madai ya mcheza kamari Phil Ivey dhidi ya kasino ya London. Mwaka 2020, katika Barton na Booth, Mahakama ya Rufani ikasema msimamo huo ndio wa kufuatwa kwenye jinai.

Hatua ya 4. Kagua kila sentensi inayoanza na "kisheria". Tom Hayes, aliyekuwa mfanyabiashara wa masoko ya fedha katika benki, alitiwa hatiani 2015 kwa kula njama ya kuchezea Libor, riba elekezi iliyopangwa kutokana na viwango ambavyo benki zenyewe zilikadiria zingekopa. Juri ilikuwa imeambiwa kwamba, kisheria, kiwango kilichowasilishwa kwa kuzingatia maslahi ya kibiashara ya benki hakiwezi kuwa maoni ya kweli. Julai 2025 Mahakama ya Juu ilifuta hatia hiyo: jambo hilo lilikuwa la juri kuamua. Sentensi ya namna hiyo igeuze iwe swali kabla jaji hajaisoma.