Kutafuta hitilafu ya stata na klachi katika Volkswagen Beetle ya zamani

Gari linapokuwa zito kuwaka na gia nazo zikaanza kukwaruza, wenye magari wengi hapa Dar es Salaam humweleza fundi matatizo mawili, na hulipia matengenezo mawili. Kwa Beetle ni vyema kuchunguza kwanza kama chanzo ni kimoja. Injini na gia boksi vimekalia raba, kwa hiyo umeme wa stata (mota inayozungusha injini ili iwake) hurudi kwenye betri kupitia mkanda mmoja wa nyaya zilizosukwa, uliofungwa kati ya gia boksi na chasi. Mkanda huo ukikatika au ukiliwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudia, na mojawapo ni kebo ya klachi, ile inayovutwa na pedali.

Mimi nililijua hilo baada ya kupata hasara. Gereji moja ilinibadilishia stata, kisha kebo ya klachi mara mbili ndani ya miezi michache. Siku moja niliingia chini ya gari mara tu baada ya kupiga stata kwa muda, nikagusa kebo pale inapotokeza kwenye gia boksi, nikaondoa mkono upesi kwa sababu ilikuwa ya moto kama mfuniko wa sufuria. Mkanda ulikuwa umebakiwa na nyuzi chache, nazo zimegeuka kijani. Wakati huo nilikuwa nikiishi Kigamboni, ambako upepo wa bahari hauachi chuma wala shaba salama.

Kabla ya kupima, weka gia huru na uvute breki ya mkono, kwa maana stata ya gari hili huzunguka hata likiwa kwenye gia. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Ikiwa imejaa na imepumzika usiku kucha, betri ya volti 12 husoma takriban 12.6, na ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu tu. (Beetle za miaka ya mwanzo zilitumia volti 6, hivyo gawa namba hizi kwa mbili.) Kisha chomoa waya mnene wa katikati kwenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) na uuegemeze kwenye chuma cha injini ili gari lisiwake, umwombe mwenzako apige stata kwa sekunde chache huku ukisoma kipimo cha volti kilichowekwa kwenye vichwa vya betri. Volti zikishuka chini ya 9.6, ichaji betri na urudie kabla ya kulaumu kitu kingine.

Betri ikihimili lakini stata inazunguka kwa uvivu, weka ncha moja ya kipimo kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha gia boksi, halafu stata ipigwe tena. Ukisoma zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi ina kizuizi. Fungua mkanda, usugue pande zote mbili hadi chuma king'ae, na kama nyuzi zimekatika nunua mwingine. Usikubali kuunganishiwa waya mwembamba.

Stata ikitoa mlio mmoja tu wa kugonga, kagua waya mdogo unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, kwani husafiri urefu wote wa gari na hupoteza nguvu njiani. Kuna pia bushi ndogo (pete ya chuma) iliyomo kwenye ganda la gia boksi, inayoshikilia ncha ya shafti ya stata. Ikilika, shafti huinama na stata mpya hukwama kama ile ya zamani, kwa hiyo unapoagiza stata Gerezani, ulizia na bushi yake.

Sasa klachi. Pandisha gari, liegemeze kwenye stendi imara wala si jeki peke yake, kisha toa tairi la nyuma la kushoto ili uione nati ya kipepeo mwisho wa kebo. Irekebishe mpaka pedali iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuwa nzito. Baadaye washa injini, kanyaga pedali hadi chini, hesabu hadi tano, uingize rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii: huenda kebo imerefuka, au, kwa gari lililoegeshwa masika nzima, pleti ya klachi imegandia kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa kutu.

Kasoro ya kinyume ni klachi kuteleza, yaani ukiwa gia ya nne injini inapandisha mlio lakini mwendo hauongezeki. Hakikisha kwanza kwamba mchezo wa pedali upo. Kama upo na bado inateleza, angalia oili inayodondoka pale injini inapokutana na gia boksi, kwani sili (pete ya kuzuia oili) ikivuja hulowesha pleti. Hapo injini itashuka, na kwa kuwa imeshikwa na boliti nne tu kwenye gia boksi, mwambie fundi abadilishe sili, pleti na beringi ya klachi kwa pamoja.