Konsentreta ya oksijeni (mashine inayotenga oksijeni kutoka hewani) inapuliza ila asilimia ya oksijeni iko chini? Fuata hivi

Naandika hii baada ya kumwelekeza fundi mwenzangu kwa simu, alikuwa anataka kuagiza zeolaiti mpya (zile punje za ndani zinazonasa naitrojeni) na hata hajapima kitu. Jamani, pimeni kwanza.

1. Mgonjwa ahamishiwe silenda, nesi athibitishe, ndio mashine itoke wodini.

2. Osha filta ya nje, ikauke kabisa.

3. Pima kwa analaiza (kipima asilimia ya oksijeni), sio kwa kuamini taa ya kijani. Kwenye hewa ya kawaida analaiza isome 20.9. Toa chupa ya maji, mashine iwake kama robo saa, flo (lita zinazotoka kwa dakika) iwe ya juu kabisa aliyoandika mtengenezaji. Mashine nzima inasoma kama 93, chini ya 82 hiyo haifai kwa mgonjwa. Na ukizidisha flo kupita kiwango chake asilimia itashuka tu hata kama mashine haina shida.

4. Sailensa (kipunguza kelele kwenye njia ya kutolea hewa). Hapa ndo masaa yanapoliwa. Ndani kuna mitungi miwili ya zeolaiti inapokezana, mmoja unanasa naitrojeni kwa presha, mwingine unaitema nje kupitia sailensa, sasa sailensa ikiziba kwa vumbi naitrojeni haitoki yote, zamu ikirudi zeolaiti bado imejaa, asilimia inaanguka huku kompresa inanguruma vizuri na flo inasoma sawa, ndo maana watu wanailaumu zeolaiti. Sikiliza, kila baada ya sekunde chache utasikia pshhh. Ikiwa hafifu zamu zote, zima, chomoa sailensa, washa, pima tena. Ikipanda basi umepata, funga mpya. Ila kama zamu moja inatema na nyingine kimya, hapo shuku vali imekwama, acha sailensa. Na ukikuta unga mweupe kwenye sailensa, zeolaiti imesagika kweli, nenda namba 6.

5. Kuvuja: povu la sabuni kwa brashi kwenye maungio, mbali na bodi ya umeme. Mimi siachi brashi, spreya inalowesha kila kitu. Grisi na mafuta ni marufuku, vikikutana na oksijeni vinawaka.

6. Zeolaiti iwe ya mwisho. Badili mitungi yote miwili kwa pamoja, na vizibo usivitoe mpaka unafunga kwa sababu inanyonya unyevu wa hewani na ikishanyonya imekufa.

Pima tena, andika asilimia, tarehe na masaa ya mita kwenye stika, bandika ubavuni, ndo irudi wodini.