Kijana katolewa mechi kwa kumgonga mtu kichwa: namna ya kumwadhibu mpaka abadilike

"Kaka, mwanangu kafukuzwa?" Ndo simu niliyopokea Jumamosi moja jioni, dada mmoja tunayesali naye, alikuwa kazini anaangalia mechi ya mwanae kwenye simu, kaona kijana anatoka uwanjani kichwa chini na mtangazaji anasema katolewa, na kwetu sisi ukisikia mtoto wa chuo kafukuzwa basi picha unayoiona ni begi na tiketi ya ndege. Nikamwambia hapana dada, katolewa mechi tu, chuo bado yupo, kaa utulie nikueleze.

Nilipomaliza kumweleza nikaona bora niandike kabisa, maana watoto wetu wanaocheza futiboli ya Kimarekani vyuoni wanazidi kuwa wengi, na baadhi yetu tumeanza kusaidia kufundisha kama mimi ninavyosaidia mabeki kwenye chuo kidogo huku Marekani. Na jambo la adhabu tunalikosea sana, wengine wanamfokea kijana mpaka analia, wengine wanampigia makofi kwa "kugonga kiume". Zote mbili zinamwacha na shingo ileile kwenye hatari ileile.

Kwanza elewa kaadhibiwa kwa nini. Kosa lenyewe huku wanaliita tagetingi na liko kwenye kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, kwa sura mbili. Moja, kumgonga mtu yeyote kwa utosi wa helmeti, popote pale mwilini, hata kama ni tumboni. Ya pili, kumgonga kichwani au shingoni mchezaji asiye na uwezo wa kujikinga, mfano aliyeruka kudaka mpira na bado hajatua, au kwotabeki, yule anayerusha mpira, aliyeachia mpira sekunde hiyohiyo. Refa anaangalia dalili: karuka kutoka chini kwenda kumfuata mtu kichwani? Kajikunja halafu akajirusha juu? Katanguliza helmeti? Kainamisha kichwa? Usibishane na "hakukusudia", kanuni haimuulizi alikuwa anawaza nini, inaangalia mwili wake ulifanya nini.

Adhabu ya yadi 15, yaani timu kupoteza yadi 15 za uwanja, ilianza 2008, kutolewa mechi kukaongezwa 2013, na kuanzia 2019 wanaokagua video lazima wathibitishe kila kipengele cha kosa, kisipothibitika wanafuta, hamna kuacha uamuzi ukae hivihivi. Utaratibu wa 2013 ulikuwa ukifanya kosa kipindi cha kwanza unakosa mechi iliyobaki, ukifanya kipindi cha pili unakosa iliyobaki pamoja na nusu ya kwanza ya mechi inayofuata, halafu 2019 wakaongeza kwamba la tatu kwenye msimu mmoja linakunyima mechi nzima. 2022 ikaja njia ya rufaa kwa makosa ya kipindi cha pili, timu inapitia kwenye ligi yake halafu klipu inapelekwa kwa msimamizi mkuu wa marefa kitaifa. Vipengele hivi wanavigusa mara kwa mara, kwa hiyo pakua kitabu cha kanuni cha msimu uliopo, usitegemee nilichoandika mimi wala alichosema mtangazaji.

Sasa kijana anatoka uwanjani, unafanyaje. Usimfokee, na hata usianze kumfundisha. Mtazame macho. Mtu akigonga kwa kichwa ubongo wake nao umetikisika, na huyu ndo tunamsahau kwa sababu wote tumekimbilia aliyelala chini. Mkabidhi kwa mhudumu wa afya wa timu, mwache ampime, na akionekana na dalili za mtikisiko wa ubongo habari ya mechi imeisha kwake siku hiyo hata kama video ingemsafisha. Aliyekuwa anasema "niko fresh kocha, niko fresh" mara ya tatu bila kuulizwa, huyo ndo wa kumwangalia zaidi. Halafu toa kauli moja kwa wachezaji wenzake, hakuna kulipiza kwa niaba yake, maana wenzie wakishaona jamaa yao katolewa hasira inapanda na hapo ndo kosa la pili linazaliwa.

Jumatatu ndo kazi yenyewe. Kaa naye wewe na yeye, usimwanike mbele ya timu nzima, weka klipu na usiseme kitu, mwache aiangalie mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Kisha irudishe polepole picha kwa picha. Mwulize: hapa macho yako yanaona nini? Nilimfanyia hivyo kijana mmoja, akasema naona namba yake, kumi na moja. Nikasogeza picha mbili mbele. Na hapa? Akanyamaza. Nyuma ya shingo yake pameonekana, ile ngozi kati ya helmeti na kola ya jezi, na uso wote unaangalia nyasi. "Hapa sioni kitu kocha." Basi, tulishafika, sikuwa na haja ya hotuba.

Baada ya hapo ndo unaamua ni kosa la aina gani, maana adhabu inategemea hilo. Kuna anayefika amechelewa, mlengwa kajiinamisha dakika ya mwisho na yeye hakuweza kujizuia, huyu anahitaji mazoezi zaidi kuliko adhabu. Kuna mzembe, anakuja mbio zote bila kujipima kwa sababu anataka kuonekana kwenye klipu za wiki, huyu anaanzia benchi mechi moja hata kama kanuni inamruhusu kucheza, na anaambiwa siku hiyohiyo, asije kuligundua Ijumaa kwenye orodha. Na kuna aliyeenda kuumiza. Huyo mpeleke kwa kocha mkuu na uongozi wa michezo wa chuo, usilimalize wewe mwenyewe kishkaji, na akirudi arudi kwa masharti yaliyoandikwa. Andika kila mara tarehe, mechi, klipu gani na mlikubaliana nini, maana kocha asiyeandika anajikuta anamwadhibu anayemchukia na kumsamehe anayefunga.

Usichofanya: usimkimbize kama adhabu. Najua sisi tumelelewa shuleni kwa kupiga push-up na kuzunguka uwanja juani, tukaona ndo nidhamu. Chuoni huku miongozo ya afya ya NCAA inakataza wazi kutumia mazoezi kama adhabu, na kuna sababu. Jordan McNair, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland, miaka 19, alianguka kwa joto mwilini Mei 2018 kwenye mazoezi ya kawaida tu ya kukimbia, haikuwa hata adhabu, na Juni akafariki. Ukiongeza hasira ya kocha na kijana anayeogopa kusema nimechoka, unacheza na maisha ya mtoto wa mtu. Vilevile usimpangie zoezi la kugongana zaidi "ili ajifunze", kichwa hakijifunzi kwa kugongwa. Na usimtishie hela ya skolashipu ukiwa na hasira, hilo lina ofisi yake na utaratibu wake.

Adhabu inayobadilisha mtu ni ile inayomrudisha kwenye miguu na macho. Mwambie ukweli huu, aliyegonga ndiye mara nyingi anayepooza. Shingo ukiwa umeinua kichwa kawaida ina mkunjo kidogo, inakula nguvu kama springi, lakini ukiinamisha kichwa kama nyuzi 30 ule mkunjo unapotea, mifupa inapangana kama nguzo, na uzito wote wa mwili unaokuja kwa nyuma unaishia hapo. Ndo maana 1976 NCAA na shule za sekondari wakapiga marufuku kutanguliza kichwa, na vijana wanaovunjika shingo wakapungua sana. Chucky Mullins wa Ole Miss, Chuo Kikuu cha Mississippi, alipooza Oktoba 1989 akimgonga mgongoni mchezaji wa chuo cha Vanderbilt, akafariki 1991. Eric LeGrand wa chuo cha Rutgers alipooza Oktoba 2010 kwenye mechi na Army, timu ya chuo cha jeshi. Wote wawili ndo walikuwa wanaangusha, sio walioangushwa. Nikiwaonyesha vijana majina haya sisemi sana, na chumba kinakuwa kimya.

Zoezi ninalotumia ni rahisi na halina mtu wa kuumia. Mtu mmoja anashika begi la kugongea, mimi nasimama nyuma yake nimeinua mkono. Kijana anakuja nusu mwendo, hatua fupifupi akikaribia, mguu wa upande wa bega linalogonga unatangulia karibu na begi, bega linaingia, mikono inafunga, na sekunde ileile ya kugusa mimi naonyesha vidole na yeye anataja ngapi kwa sauti. Akiinamisha kichwa hawezi kujua. Hivyo tu. Mara ya kwanza wanabahatisha wote, "tatu!" kumbe viwili. Fanya mara kumi kwa siku, bega la kulia tano na la kushoto tano, wiki nzima, halafu ndo uongeze kasi.

Kuna makocha watakwambia hii inalainisha timu. Waambie kuhusu chuo cha Dartmouth. Kocha Buddy Teevens 2010 alisimamisha kabisa vijana wake kuangushana wenyewe kwa wenyewe mazoezini, wakawa wanaangusha mabegi na baadaye sanamu linalokimbia kwa rimoti lililotengenezwa na wanafunzi wa uhandisi wa chuoni hapohapo, na 2015 wakatwaa ubingwa wa ligi yao, Ivy League, kwa kugawana na timu nyingine mbili. Mwaka uliofuata ligi yenyewe ikaondoa kuangushana mazoezini wakati wa msimu.

Yule aliyegongwa naye usimsahau. Pitia kwa kocha wao, uliza hali yake, halafu kijana wako ampigie au aandike mwenyewe kwa maneno yake, usimwandikie wewe. Wengine wanaona aibu, mwambie aibu ipo na aandike nayo hivyohivyo.

Na mzazi mpigie kabla hajakupigia. Mweleze kwa Kiswahili chake, katolewa mechi, hajafukuzwa chuo, hivi ndivyo tulivyoona kwenye video, hii ndo adhabu yake na hii ndo sababu. Yule dada aliniuliza swali moja tu mwisho, kaka, yeye mwenyewe shingo yake iko salama? Nikamwambia tumempima Jumamosi na Jumapili, na Jumanne nitakuwa nyuma ya begi nimeinua vidole, akitaka aje aangalie. Akaja kweli, kakaa ukingoni na khanga mabegani maana kulikuwa na baridi, na kila mwanae alipotaja namba yeye naye alikuwa ananyoosha shingo kuangalia mkono wangu kama kapatia.