Kuhamia Mombasa kutoka ng'ambo: uliza maji kabla ya kuuliza kodi

Anayehamia Mombasa kutoka nchi nyingine, awe amekuja kwa kazi au kwa ndoa, huanza kutazama nyumba kwa macho ya mtalii: bahari yaonekana dirishani, kiyoyozi kipo, geti lina bawabu. Kitakachoamua kama ataishi kwa raha ni maji. Maji matamu ya mji huu hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Bomba likipasuka njiani, au umeme wa pampu ukikatika Baricho, mifereji ya mjini hukauka. Ndiyo maana maji huja kwa zamu, na mitaa mingine hukaa siku kadhaa bila tone.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa dipoziti, kaa na bawabu au keteka (mtunzaji wa jengo) umuulize yeye, si ajenti peke yake. Maji ya bomba huja siku gani na saa ngapi? Jengo lina kisima, na maji yake yana chumvi kiasi gani? Tanki la chini ni la lita ngapi, la juu je? Yakikosekana, bauza (lori la maji) analipa nani: mwenye nyumba, au wapangaji kwa kuchangishana? Jibu la swali hili la mwisho liandikwe kwenye mkataba, maana ndilo linalozua ugomvi mwingi kati ya wapangaji na wenye nyumba. Kisha nenda jikoni, fungua mfereji, onja kidogo uteme, nawa mikono kwa sabuni. Povu likigoma kutoka, hayo ni ya kisima. Tazama na kichwa cha shawa: ukoko mweupe kwenye vitundu ni alama ya maji hayohayo.

Hesabu ni rahisi. Mtu mmoja anayeoga mara mbili kwa siku kwenye joto la Februari na Machi hutumia kama lita 80, pamoja na choo, vyombo na nguo. Watu wanne ni lita 320, yaani mitungi 16 ya lita 20. Tanki la lita 2,000 litawafikisha siku ya saba, halitaimaliza. Ukiwa na tanki la lita 500, usilinganishe bei ya bauza na ya mkokoteni wa mitungi: lori la lita 10,000 halina pa kumimina.

Usifunge pampu ya kuvuta maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa, hata fundi akikuhakikishia kwamba kila mtu anafanya hivyo. Bomba lenye nyufa likivutwa hunyonya na maji machafu yaliyolizunguka, na jirani wa mwisho wa mtaa hapati kitu. Maji yaingie kwanza kwenye tanki la chini kwa nguvu yake yenyewe, ndipo pampu iyapandishe juu.

Hita ya shawa yataka uangalifu zaidi. Dukani zipo za maji matamu na zipo za maji ya chumvi, na kwa nje zinafanana sana. Ukifunga ya maji matamu kwenye maji ya kisima, koili hushika ukoko na kuungua. La hatari zaidi ni kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na ule msisimko unaousikia mkononi unaposhika mfereji ni onyo. Zima swichi, toka bafuni, ita fundi wa umeme akague waya unaoshuka ardhini. Usiwashe tena mpaka akague.

Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, hata yakiwa meupe kama kioo. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa nyingi, na mashimo ya vyoo hayako mbali na visima. Uchafu hupita upesi bila kuchujwa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, kwa hiyo maji ya kisima yaache kwa choo na kudeki.

Wageni wengi huogopa mbu wa usiku tu. Mombasa imepata milipuko ya homa za dengi na chikungunya, na mbu anayezieneza huuma mchana, huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia, hasa ndoo na mapipa tunayowekea akiba. Yai huwa mbu kamili kwa wiki moja hivi. Funika kila chombo, na ndoo isiyo na kifuniko imwage na kuisugua ndani kila wiki, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukingoni.

Siku maji yakikosekana utamhitaji mwenye mkokoteni, anayeuza maji kwa mitungi. Msalimie kwanza, na akiwa mtu mzima mwamkie. Kumwita kwa kumpungia mkono kutoka roshani ni utovu wa adabu. Muulize maji ni ya wapi, nusa mtungi usije ukawa ulibeba mafuta, kisha mkubaliane bei ya mtungi na ya kupandisha ngazi kabla hajashusha hata mmoja. Ghorofa ya tatu hailipwi sawa na ya chini. Jua pia kwamba anayenunua mtungi mmojammoja hulipa zaidi kwa kila lita kuliko wewe unayeletewa bauza, na mara nyingi huyo ndiye dada anayekufanyia kazi nyumbani. Kubeba maji kukiongezeka, muongeze ujira au mwite hamali. Kuacha mzigo huo umwangukie kimyakimya ni dhuluma. Sheria ya kazi ya Kenya humpa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, maji yawepo au yasiwepo.

Jirani akipiga hodi na ndoo tupu, mjazie. Kesho litakalokauka ni tanki lako wewe, na mlango utakaobisha ni wake.

Ukialika watu nyumbani, weka chooni ndoo iliyojaa na kopo safi, kwa kuwa wageni wako wengi hujisafisha kwa maji na karatasi peke yake haiwatoshi. Wakati wa swala ukiwakuta kwako, watahitaji kutawadha. Kopo moja kubwa latosha mtu mmoja, basi kwa wageni kumi tenga mtungi mmoja wa maji matamu mapema, kabla watoto hawajauona.