Namna ya kufuatilia akiba ya fedha za kigeni ya Tanzania, kwa msomaji wa Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikianza, mwezi wa kumi, utasikia kwamba dola zimeingia na akiba ya taifa imepanda. Si lazima. Dola ya korosho iliyo kwenye akaunti ya benki ya biashara haihesabiki kuwa akiba rasmi mpaka Benki Kuu (BoT) iinunue. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni ya jedwali. Pakua mapitio ya uchumi ya kila mwezi kwenye tovuti ya BoT, kisha fungua programu ya majedwali.

Hatua ya 1: Panga mali. Weka safu ya dhahabu, ya Haki Maalumu za Utoaji Fedha (SDR, yaani mali ya akiba inayotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), ya nafasi ya akiba iliyoko IMF (sehemu ya mchango wa nchi inayoweza kuchukuliwa), ya sarafu na amana za nje, na ya hati fungani za kigeni. Dhahabu iwe na usafi usiopungua sehemu 995 kwa 1,000. Mchanga na vipande ghafi usiviingize. Mali iliyowekwa rehani nayo itoe, maana haitumiki siku ya dharura.

Hatua ya 2: Fuata dola moja mpaka mwisho. Hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme mnunuzi wa nje analeta dola milioni 10 kulipia korosho za mnada. Benki yake inazibadili, wakulima wanalipwa shilingi kupitia vyama vyao vya ushirika (AMCOS), dola zinabaki benki. BoT ikinunua milioni 4 kwenye soko la mabenki, akiba inapanda kwa milioni 4, si 10. Zile 6 zitauzwa kwa waagizaji wa mafuta, mbolea au magari. Shilingi zilizotolewa kulipia zile 4 nazo zimeongeza fedha kwenye mabenki, kwa hiyo BoT huenda ikazifyonza tena. Sasa benki hiyohiyo ikiweka dola zake kama amana BoT badala ya kuuza, akiba ghafi (kabla ya kutoa madeni) inapanda vilevile, lakini deni la BoT kwa benki limepanda sawia. Akiba halisi (baada ya kutoa madeni) haijasogea.

Hatua ya 3: Panga madeni. Andika mikopo ya IMF, mikopo ya muda mfupi kutoka nje, amana za dola za mabenki, na malipo ya fedha za kigeni yanayoiva ndani ya miezi 12. SDR ziko pande zote mbili: mgao wa Agosti 2021 uliipa Tanzania takriban SDR milioni 381, mali ikaongezeka na deni la muda mrefu likaongezeka kiasi kilekile. Anayekutajia "akiba halisi" muulize ametoa madeni gani, kwani tafsiri hutofautiana.

Hatua ya 4: Pima kwa miezi. Gawanya akiba kwa makadirio ya uagizaji wa bidhaa *na huduma* kwa mwezi, upate miezi ambayo akiba inaweza kulipia uagizaji. Mfano wa kujifunzia: akiba dola milioni 5,400, uagizaji wa mwaka milioni 14,400, sawa na 1,200 kwa mwezi, jibu ni miezi 4.5. Kiwango cha chini cha nchi ni miezi 4, cha Afrika Mashariki 4.5, cha SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika) 6. Ukisahau huduma (nauli za meli, bima, safari) utapata miezi mingi kuliko ukweli.

Hatua ya 5: Linganisha mwezi na mwezi. Akiba ya mwisho wa mwezi, toa ya mwezi uliopita. Tofauti hiyo ina sehemu mbili: miamala na mabadiliko ya thamani. Tani moja ya dhahabu ni wakia 32,151 hivi. Bei ikipanda dola 200 kwa wakia, akiba inaongezeka takriban dola milioni 6.4 bila BoT kununua hata gramu moja. Euro ikishuka, amana za euro nazo zinapungua kwa dola. Fanya hesabu hizi kabla ya kusifu au kulaumu korosho.

Ukishindwa kuoanisha na urari wa malipo ya nje (hesabu ya miamala ya nchi na nchi nyingine), angalia alama kwanza. Kwenye majedwali mengi ya urari, ongezeko la akiba huandikwa kwa alama ya kutoa. Kisha angalia tarehe: uagizaji huwa wa mwaka unaoishia mwezi fulani, akiba ni ya siku moja.